Kumuaga Bwana Odera, Mshika Muhuri Wetu

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, Bwana Maxwell Odera anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Tahadhari Kisiwani kwa miaka thelathini na mitatu na miezi tisa kamili. Muda wote huo hajachelewa kazini hata siku moja. Zilizochelewa ni karatasi za watu wengine, zikimngojea yeye.

Tangazo la sherehe hii lilitumwa wiki mbili nyuma kwenye kundi la wafanyakazi. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu naitwa Zubeida, mshika simu wa kituo tangu mwaka wa 2004, na sioni tangu nilipozaliwa. Simu yangu ina bibi ndani yake anayenisomea kila kilichoandikwa. Alipolifikia tangazo la sherehe alisema neno moja tu: picha. Nikamgusa tena, akarudia: picha. Basi nikajua kuna jambo, na jambo lenyewe lina rangi. Siku tatu baadaye ndipo Wanza wa kompyuta aliponieleza kwamba ile picha ilikuwa inaniarifu mimi, kwa jina langu, kuwa nimeteuliwa kuandika wasifu wa mstaafu. Nawashukuru kwa imani yenu.

Kwa faida ya wageni, kazi ya kituo chetu ni kuwaonya watu wa kisiwa maafa yanapokuja: mafuriko, moto, kuta za kale zinazotaka kuanguka, maji yaliyoingia uchafu. Ubao wa mlangoni unasema tunawahudumia hasa walio hatarini zaidi, yaani wazee, wagonjwa, wasioona na wasiosikia. Ubao huo umetundikwa juu ya ngazi ishirini na sita. Lifti iko katika awamu ya pili. Awamu ya pili ilitangazwa mwaka wa 2009.

Bwana Odera alizipanda ngazi hizo kwa mara ya kwanza tarehe 1 Februari 1992, kijana wa miaka ishirini na sita aliyetoka bara na sanduku moja na Kiswahili cha kutisha. Aliajiriwa karani wa matangazo kwa miezi sita. Kituo wakati huo kilikuwa chumba kimoja, taipureta moja na ubao wa matangazo uliokuwa nje, ambao mbuzi wa jirani aliusoma kuliko binadamu. Wiki ya tatu, mshika muhuri wa zamani aliugua, na kijana Odera akaambiwa amshikie muhuri mpaka Jumatatu. Jumatatu hiyo haijafika hadi leo.

Muhuri wenyewe nimeushika, kwa hivyo naweza kuueleza. Ni wa duara, mpira chini, mpini wa mti juu, na mpini huo umechimbika mahali pa kidole gumba kwa sababu ya kushikwa na mtu mmoja miaka yote hiyo. Hukaa ndani ya mkebe wa biskuti wenye kufuli, na ufunguo wa kufuli hukaa shingoni mwa Bwana Odera, chini ya fulana. Mkewe, Bi Trizah, aliwahi kutuambia kwamba ufunguo huo mumewe huoga nao. Hakusema kwa furaha.

Kanuni ya Bwana Odera ilikuwa fupi: hakuna muhuri, hakuna tangazo. Aliigongea muhuri kalenda ya ukutani ili watu wa hesabu wasiichukue. Aliupiga muhuri mpini wa ufagio. Siku moja Wanza alikuwa akimnyooshea karatasi iliyokunjika, akagongwa kidole gumba, na wiki nzima akatembea afisini akiwa ameidhinishwa. Na yupo binti wa Bwana Odera, Wendy, ambaye leo ni mama wa watoto wawili. Alipokuwa darasa la nne huko Tudor, baba yake alitakiwa kutia sahihi kwenye ripoti ya masomo. Akatia sahihi, kisha akaona haitoshi. Mwalimu alipoiona ile karatasi ina muhuri wa kituo cha tahadhari alidhani mtoto ana ugonjwa wa kuambukiza, akamrudisha nyumbani. Bwana Odera alikwenda kulalamika, na barua ya malalamiko ilikuwa na muhuri.

Katika utumishi wake alipandishwa cheo mara tatu: karani mwandamizi, afisa wa matangazo, na afisa mkuu wa matangazo. Kila alipopanda, meza ilikuwa kubwa zaidi na muhuri ukawa uleule.

Mwaka wa 2014 kituo kiliingia kwenye mitandao ya kijamii, kwa hotuba na keki. Tuliambiwa kwamba sasa tahadhari itamfikia mtu wa kisiwa kwa dakika moja, akiwa kitandani, akiwa jikoni, akiwa hata hawezi kutoka nje. Nilishangilia, wallahi. Nilifikiri: maandishi yakiingia kwenye simu, yule bibi wangu atayasoma, na mimi kwa mara ya kwanza nitajua kinachotangazwa na afisi yangu mwenyewe bila ya kumwomba mtu.

Sasa sikilizeni jinsi tahadhari ilivyokuwa ikitoka. Wanza anaichapa kwenye kompyuta, maandishi safi kabisa ambayo simu yoyote ingeyasoma kwa sauti. Halafu anaitoa kwenye karatasi. Karatasi inakwenda kutiwa sahihi. Inakwenda kwa Bwana Odera kugongwa muhuri. Inarudi kwa Wanza, naye anailaza dirishani penye mwanga na kuipiga picha kwa simu, mara nyingine kidole chake kikiwemo, na picha hiyo ndiyo inayopandishwa mtandaoni. Maneno yaliyokuwa hai asubuhi yanafika kwa wananchi yakiwa yamekufa na kupigwa picha ya ukumbusho. Mzee asiyeona vizuri anakuta herufi za ukubwa wa sisimizi. Asiyeona kabisa anaambiwa neno moja na bibi wa simu, nalo mnalijua.

Niliandika barua kueleza jambo hilo. Ilirudishwa, haina muhuri. Nikampelekea Bwana Odera, akaigonga kwa ukarimu mkubwa bila ya kuisoma, akaniambia karatasi yenyewe ni ya aina nzuri. Ikawekwa kwenye jalada. Niliandika ya pili mwaka wa 2017 na ya tatu mwaka wa 2020, na zote mbili zikapata muhuri na jalada. Katikati ya hapo kituo kilitunukiwa cheti kwa juhudi zake za kuwafikia watu wenye ulemavu. Cheti hicho mlikiona mtandaoni. Mimi bado nangoja mtu anisomee.

Haya basi, tuje kwenye siku ya mvua, kwa sababu bila ya siku hiyo wasifu huu ungeishia hapa na mngekula biriani mapema.

Ilikuwa Novemba, miaka miwili nyuma. Mvua ilinyesha siku nne. Mitaro ya mji ilijaa taka, maji yakakosa pa kwenda yakaamua kukaa nasi. Siku ile niliomba ruhusa saa nane na nusu ili nipitie Biashara Street kuchukua leso za harusi ya binamu yangu, na simu za kituo akanishikia mwenzangu Mutanu. Nilikaa dukani nikingoja mvua ipungue. Ilipopungua kidogo, yapata saa kumi na robo, nikatia leso kwenye kikapu na kushika njia yangu ya kila siku ya kurudi nyumbani Mji wa Kale, kichochoro kilichoko nyuma ya maduka. Njia hiyo naijua kwa miguu. Naijua kila ngazi, kila mlango, na harufu ya kila jiko. Siku ile milango yote ilikuwa imefungwa na majiko yamezimwa, na mvua ikipiga mabati sisikii mtu.

Nisilolijua ni kwamba saa tisa na robo Mutanu alikuwa amepokea simu ya mlinzi mmoja: waya wa stima umekatika kwa upepo, umeangukia ndani ya maji, mwisho wa kichochoro kile kile. Wanza aliichapa tahadhari kwa dakika nne. Sahihi ilipatikana kwa dakika sita. Kisha karatasi ikafika kwa Bwana Odera, na sponji ya wino ilikuwa imekauka. Wino ukatafutwa. Ulipopatikana, muhuri ukatoka nusu duara. Karatasi ikatolewa upya. Muhuri wa pili ukapaka. Ikatolewa tena. Muhuri wa tatu, saa kumi na dakika kumi na nane, ukakaa sawasawa, na dakika mbili baadaye picha ikawa mtandaoni. Saa nzima na dakika tano, jamani, na waya uko majini.

Simu yangu ililia nikiwa katikati ya kichochoro. Bibi akasema: picha. Nikaendelea kutembea. Kundi letu la wafanyakazi hutumiana picha za keki mara tatu kwa wiki, nikadhani ni keki ya mtu. Nilipofika kwenye baraza ya duka la mwisho nilisikia maji mbele yangu, mengi kuliko kawaida, nikasimama juu ya ukingo nikiitafuta kwa fimbo ngazi ya kushukia. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimeroa. Nilikuwa nimeshaamua kuvua viatu nipite.

Hapo simu ikalia mlio wa mtu anayepiga. Alikuwa ni Bwana Odera, amejaa furaha.

"Bi Zubeida, umeuona muhuri wangu ulivyokaa leo? Duara kamili, hata ukingo haukukatika."

Tumefanya kazi mlango kwa mlango. Nimempokelea simu zake zote. Ameshanisaidia kuvuka barabara mara zisizo idadi, ameniona na fimbo kila siku ya Mungu. Sijui ni kitu gani kilichonipanda, labda ni maji, labda ni leso, labda ni zile barua tatu.

"Bwana Odera," nikamwambia, "mimi ni kipofu. Mwaka wa kumi na tisa huu tuko pamoja."

Nilisikia mvua yangu na mvua yake kwenye simu. Kisha akauliza polepole niko wapi, nikamtajia kichochoro. Sijapata kusikia sauti ya mtu ikibadilika namna ile.

"Usishushe mguu," akasema.

Nikamwuliza kuna nini. Naye, masikini, akaichukua ile karatasi mbele yake akaanza kunisomea kama alivyozoea, kuanzia juu. Alisoma namba ya kumbukumbu. Alisoma tarehe. Alisoma KUHUSU, na yaliyofuata KUHUSU. Alisoma aya ya kwanza, inayoeleza historia ya kituo na dhamira yake kwa walio hatarini zaidi. Mimi nimesimama ukingoni, mguu mmoja nimeuvua kiatu. Waya ulikuwa katika aya ya tatu.

Nilipousikia niliketi palepale barazani. Nilimchukia siku ile, nasema wazi, naye anajua. Nilikichukia kituo kizima, na muhuri, na duara lake kamili. Kama asingekuwa mtu wa kujisifu, mimi leo si mwandishi wa wasifu wake. Nimeokolewa na majisifu, na hilo si jambo la kutia kwenye ripoti ya mwaka.

Alikuja mwenyewe kunichukua, akizunguka kwa njia ya juu. Alifika bila ya mwavuli na bila ya koti, maji yanamchuruzika, akanishika mkono na kunirudisha nyuma hadi barabara kubwa. Karibu na nyumbani kwangu ndipo aliponiuliza.

"Hizo picha zetu, wewe huzisomaje?"

"Sizisomi."

"Na wenzako?"

"Hawazisomi, Bwana Odera."

Asubuhi yake aliingia afisini bila ya kusalimu, jambo ambalo hatukuliona kabla wala baada. Alikwenda kwenye jalada akazitoa barua zangu tatu akazisoma, moja baada ya nyingine, amesimama. Akaniambia zimeandikwa vizuri. Nikamwambia zina muhuri pia. Hakucheka.

Siku hiyo hiyo alitoa ujumbe wake wa kwanza wa sauti. Alijifungia chumbani mwangu, kwa sababu ndicho kilicho kimya, akashika simu na kuisoma tahadhari ya mvua. Ilichukua dakika nne na nusu. Namba ya kumbukumbu ilikuwemo. Mwishoni, asiweze kujizuia, alieleza kwa maneno kwamba tangazo hili lina muhuri wa duara, wino wa zambarau, upande wa kulia chini. Tukaituma kwa watu kumi na wawili tuliowajua.

Mmoja wao ni jirani yangu Bi Jana, mwenye zaidi ya miaka themanini, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na simu yake nzuri aliletewa na mwanawe kutoka Maskati. Alipiga simu kituoni kabla ya adhuhuri akataka kuzungumza na huyo mwanamume.

"Maneno nimeyasikia, mwanangu," akamwambia. "Sasa huo muhuri u wapi? Wewe wasema upo. Hata mwizi atasema upo."

Mtu mwingine angekasirika. Bwana Odera alifurahi mpaka akasimama, maana kwa miaka yote hiyo hakuwa amekutana na mwananchi anayejali muhuri kama yeye. Akachukua simu, akarekodi upya, na alipomaliza akaufungua mkebe wa biskuti, akautoa muhuri na kuugonga mezani kando ya simu: pu. Bi Jana akajibu kwa maneno mawili, kwamba sasa ameamini.

Hivyo ndivyo muhuri wa Kituo cha Tahadhari Kisiwani ulivyoanza kusikika. Watu kumi na wawili wakawa arobaini, arobaini wakawa mia tatu. Leo ujumbe wa Bwana Odera unaingia kwenye simu elfu moja mia moja na arobaini, na nyuma ya kila simu kuna nyumba. Nilimfundisha kutaja mahali kwanza: kichochoro kipi, mtaa upi. Pili kuna nini. Tatu ufanye nini. Basi. Dhamira ya kituo tukaiacha kwenye ubao wake juu ya ngazi. Kiswahili chake nilikipitisha kwenye masikio yangu kila asubuhi kabla hakijatoka, na lile "tafadhali zingatieni kwa makini ipasavyo" tukalizika bila ya matanga. Kutoka dakika nne na nusu alishuka hadi sekunde ishirini na tano. Kwake yeye hiyo ilikuwa sawa na kukatwa kiungo.

Halafu Nasser, fundi cherehani wa Biashara Street asiyesikia, alimwandikia Wanza kwamba tunafanya kazi nzuri ya kuwanyima habari yeye na wenzake kwa njia mpya. Alikuwa na haki. Tangu hapo kila sauti inatoka na maandishi yake kando, maandishi hai, si picha. Wanza huyachapa kwa dakika nne zake zilezile, na hakuna anayeyatoa kwenye karatasi.

Mnaikumbuka Aprili ya mwaka jana, mtu asiye na kazi aliposambaza sauti kwamba bahari itapanda Liwatoni na kuingia mjini kabla ya magharibi. Mji wa Kale ulibeba magodoro. Watu walipandisha wagonjwa darini, mmoja akapandisha friji. Bi Jana aliketi kitini akaendelea kuchambua mchele. Walipomwuliza kwa nini hatoki aliwaambia ule ujumbe haukugongwa. Nusu saa baadaye ukafika wa Bwana Odera, sekunde kumi na nane na pu, kwamba bahari iko mahali pake. Magodoro yakashuka. Tangu siku hiyo mitaani hawamwiti Odera, wanamwita Bwana Muhuri, naye amejifanya hapendi.

Jambo moja zaidi kuhusu muhuri huo wa sauti, nalo ni siri niliyoigundua kwa kidole. Siku moja niliupapasa nikakuta mpira wake mkavu. Nikamwuliza. Akaniambia kwamba wino hufanya mlio uwe mzito, na hajautia wino kwa kazi ile tangu wiki ya kwanza. Yule aliyeuacha waya majini kwa saa nzima akitafuta wino. Niligeuza uso wangu upande wa ukuta.

Nakuja sasa kwenye mipango ya kituo baada yake, kwa sababu wasifu mzuri hutaja mipango. Kuanzia kesho, Novemba mosi, Mkurugenzi wetu, Bwana Jeremy, anazindua mfumo mpya wa matangazo. Nimehudhuria mkutano wake. Kila tahadhari itakuwa bango la rangi sita lenye nembo, ramani na muhuri wa kompyuta ambao hautapaka wala kukatika ukingo. Tuliambiwa mara nne kwamba unavutia. Ujumbe wa sauti utakoma, kwa kuwa haulingani na sura ya kituo, na muhuri wa mti utakatwa kwa makasi mwisho wa mwezi, kama kanuni zinavyotaka mshika muhuri anapoondoka. Nilinyoosha mkono nikauliza bibi wa simu yangu atasema nini akikutana na bango hilo. Nikajibiwa kwa upole kwamba wasioona wako katika awamu ya pili.

Nilirudi mezani kwangu nikalia. Siandiki hivyo ili mnihurumie, naandika kwa kuwa ndilo lililotokea. Mwezi huu wa mvua umeshafika, mitaro ni ileile, na simu elfu moja mia moja na arobaini zitaambiwa: picha. Bi Jana atakaa na mchele wake, akingoja kugongewa. Nami nitasimama tena kwenye baraza fulani, mguu mmoja hewani, na safari hii hakuna atakayenipigia kujisifu.

Juzi Jumatano Bwana Odera alikuja chumbani mwangu na mkebe wa biskuti. Alinishika mkono akaniwekea ufunguo kiganjani, bado una joto la kifua chake. Kisha akanisomea hati ya makabidhiano, safari hii akianzia panapohusika. Hati inasema kwamba muhuri wa duara, mmoja, wenye mpini wa mti, haukatwi. Unakabidhiwa chumba cha simu, kwa Bi Zubeida, kwa kazi ya ujumbe wa sauti kwa umma, mpaka hapo utakapofutwa kwa barua. Imetiwa sahihi na mstaafu. Imetiwa sahihi pia na Mkurugenzi. Bwana Odera aliiweka ya ishirini na saba katika rundo la karatasi arobaini za kustaafu, akampelekea asubuhi, na Mkurugenzi akazitia sahihi zote arobaini akiwa kwenye simu.

Nilimwuliza Bwana Odera amejifunza wapi hila kama hiyo. Akasema yeye mwenyewe alizigonga barua zangu tatu bila ya kuzisoma.

Kwa hivyo, Bwana Mkurugenzi, wakati unapolisoma hili utakuwa umeketi jukwaani, wageni mbele yako, kijitabu cha sherehe mkononi. Usihangaike. Nakala ya hati iko kwenye jalada pamoja na barua zangu. Ina muhuri, umekaa vizuri, duara kamili. Wanza ameuona kwa niaba yangu.

Bwana Odera, umetuchelewesha miaka thelathini na mmoja na kutuwahisha miaka miwili, na kwa ile miwili tumekusamehe mingine yote. Shukrani zetu kwa Bi Trizah aliyeishi na ufunguo, na kwa Wendy aliyerudishwa nyumbani mzima wa afya. Nitakukosa mlango wa pili, pamoja na kelele zako zote. Nenda Tudor ukapumzike, ulale mvua ikinyesha bila ya kuamka kutafuta wino. Mungu akupe uzima, na asubuhi ambazo hazihitaji sahihi ya mtu.

Wasifu huu, kabla ya kuchapishwa kwenye kijitabu, nimeusoma kwa sauti nikaurekodi, na kwenye zile simu elfu moja mia moja na arobaini umeshafika tangu saa tatu asubuhi, pamoja na maandishi yake kwa Nasser na wenzake. Jana Alhamisi Bwana Odera mwenyewe alikuja kunisimamia nilipokuwa najaribu mlio. Mara ya kwanza niligonga kwa woga, akasema hapana, Bi Jana hataamini hiyo.

"Gonga kwa nguvu, Bi Zubeida. Usiihurumie meza."

Pu.